Uzoefu wangu na boksi la molekuli za plastiki kwa kemia ya kaboni

Nasomesha tuisheni ya kemia hapa Chake Chake, vijana wa kidato cha sita na wachache wa mwaka wa kwanza wa chuo. Boksi hili nililiagizia Unguja kwa shilingi 35,000, likaja na boti. Ni zile seti za mipira na vijiti: myeusi kaboni, myeupe hidrojeni, myekundu oksijeni, ya kijani klorini au bromini; vijiti vifupi vya bondi moja, virefu vya kupinda vya bondi mbili, yaani pale atomi mbili zinaposhikana mara mbili.

Kwa umbo, sina la kulalamika. Kila mpira mweusi una matundu manne, nyuzi 109.5 baina ya moja na jengine. Kijana akiunga sikloheksani, duara la kaboni sita za bondi moja, anaiona mwenyewe inakataa kulala bapa. Ubaoni hilo nilikuwa nalisema mpaka koo linakauka na bado wanachora pembe sita iliyonyooka.

Tabu inaanza kwenye mmenyuko wa SN2, ambapo kundi moja linachukua nafasi ya jengine kwa hatua moja. Haidroksaidi, yaani oksijeni na hidrojeni yenye chaji hasi, inaijia kaboni kwa nyuma, bromini inatoka mbele, yote kwa pamoja. Sasa fanya hivyo kwa mipira! Matundu ni manne na yote yamejaa. Lazima uing'oe bromini kwanza ndipo upate pa kuchomeka oksijeni, na huo ndio mwendo wa SN1, mmenyuko mwengine kabisa. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, sasa hiyo haidroksaidi inaingilia wapi?" Suali la haki, na boksi halina jawabu.

Jawabu liko kwenye obitali, yale maeneo ambamo elektroni hukaa. Jozi ya elektroni za oksijeni inatafuta obitali tupu, na iliyo karibu ni ile pinzani ya bondi ya kaboni na bromini, ambayo tumbo lake kubwa limetokeza nyuma ya kaboni. Elektroni zikiingia humo, bondi ya zamani inalegea papo hapo. Ndiyo maana shambulio ni la nyuma, si la ubavuni. Kuzitazama obitali za mpakani, ya juu yenye elektroni na ya chini iliyo tupu, ni wazo la Kenichi Fukui wa Japani la mwaka 1952. Mwaka 1981 alipewa Nobeli pamoja na Roald Hoffmann. Mimi nazichora kwa chaki za rangi mbili, moja kwa kila alama ya wimbi la elektroni, chanya na hasi, na boksi naliweka kando.

Benzini, duara jengine la kaboni sita, nayo inapotoshwa. Kwenye plastiki utaona bondi moja, mbili, moja, mbili, ilhali zote sita zina urefu mmoja, pikomita 139.

Hata hivyo kuna somo moja lililonifanya nisijute pesa yangu. Tuliunda eujenoli, duara la kaboni lenye mkia, iliyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye makonyo. Ukiichemsha na alkali kali, bondi mbili ya mkiani inasogea hatua moja kuelekea kwenye duara, ikawa isoeujenoli, ambayo ikioksidishwa inatoa vanilini. Kwa mikono ni kuhamisha kijiti kimoja na hidrojeni moja, basi. Darasa zima lilielewa nini kimehama. Kwa nini kimehama, tukarudi ubaoni: pale mpya obitali za pai (zile za bondi mbili) za mkia zinashikana na za duara, elektroni zinatandazika, nishati inashuka.

Uimara ni wa wastani. Matundu ya mipira myeupe yanapasuka wakivuta kwa pupa, na wengine wanang'oa kwa meno.

Nyota tatu kati ya tano. Mwalimu mwenzangu ukitaka kununua, lifungue boksi mbele ya muuzaji na uhesabu: eujenoli peke yake inakula kaboni 10, hidrojeni 12 na oksijeni 2, na yale maboksi madogo ya bei rahisi hayafiki hapo.