Uzoefu wangu: Evensong (ibada ya jioni ya Waanglikana) ya kanisa la Westminster Abbey, London, kwa mnaosafiri wawili na dhehebu sio moja

Mimi ni Mkatoliki, rafiki yangu niliyeenda nae London ni Mlutheri, na wote hatupendi Jumapili ipite bila kanisa, kwaiyo swali la tunasali wapi lilikuja mapema kuliko hata la tutembelee wapi. Nawaandikia wale wenye hali kama yetu.

Asubuhi tulienda misa Westminster Cathedral. Hapa muwe makini maana majina yanachanganya sana, Cathedral ndo ya Wakatoliki iko Victoria Street, Abbey ndo ya Waanglikana iko kule karibu na Bunge, zote Westminster. Misa ilikuwa nzuri, mpangilio ule ule, masomo nlikuwa nshayafungua ya Kiswahili kwenye simu kabla ya kuingia kwasababu Jumapili moja masomo ni yale yale karibu dunia nzima. Ila ikafika komunyo. Mwenzangu akapanga foleni mikono kaikunja kifuani akapewa baraka, padre alimpokea vizuri kabisa, lakini iliniuma, tumetoka safari moja tumekaa benchi moja alafu mezani tunatengana. Najua ndo taratibu na naziheshimu, ila iliniuma na yeye pia niliona.

Alasiri sasa tukaenda Abbey kwenye Evensong, na jamani hii ndo ibada ya kwenda na mwenzako wa kanisa lingine. Hamna komunyo kabisa. Ni zaburi, somo la Agano la Kale, Wimbo wa Mariamu, somo la Agano Jipya, Wimbo wa Simeoni, Imani ya Mitume, sala na wimbo mmoja wa kwaya, basi. Hakuna hata kipande kimoja pale ambacho ni changu na sio chake. Alafu kuna kitu wengi hawakijui, Waanglikana mwaka 1549 walichukua sala mbili za Kikatoliki, masifu ya jioni na sala ya kumalizia siku, wakaziunganisha kuwa ibada moja, ndo maana Mkatoliki ukikaa pale unakuta kila kitu unakifahamu, na Mlutheri nae hivyo hivyo maana Wimbo wa Mariamu anaujua tangu utotoni.

Kwaya yao sina maneno, watoto na watu wazima, zaburi inapokezanwa upande huu na upande ule mpaka unasahau uchovu wa kutembea. Mjue tu kwamba sehemu kubwa waumini mnasikiliza, mwenzangu mwanzoni alitamani kuimba (Walutheri na kuimba mnawajua) ila kufika Wimbo wa Simeoni alikuwa kafumba macho katulia. Kiingereza cha ibada ni cha zamani, lakini mnapewa karatasi ya kufuatilia.

Kiingilio hamna, wanaolipa ni watalii, na Jumapili utalii haupo ni kusali tu. Picha wakati wa ibada hairuhusiwi na mimi nakubaliana nao kabisa, watu wanaomba Mungu we unapiga picha ya nini. Ukipita katikati ya kanisa tazama chini kuna kaburi la David Livingstone, yule mmisionari aliyefia Afrika, alizikwa 1874, jiwe limeandikwa kwamba aliletwa na mikono miaminifu, kupita nchi kavu na bahari. Hiyo mikono ni ya kina Chuma na Susi waliobeba mwili wake mpaka pwani, majina yao hayapo pale. Yangewekwa.

Siku za kazi kawaida Evensong inaanza saa 11 jioni, Jumatano mara nyingi inasomwa tu bila kwaya kuimba, kwaiyo cheki ratiba kwenye tovuti yao kwanza. Fikeni mapema, wahudumu wa mlangoni wanapanga watu wenyewe, wa kwanza kwanza ndo wana nafasi ya kukaa kwenye viti vya mbao jirani na kwaya, na mkichelewa mnaweza kukaa mbali mbali, kitu ambacho kwa ibada hii ni hasara.