Kununua The X-Files kwa msimu: anza na wa 3, acha wa 9

Wanaouza DVD zilizotumika hapa Lubumbashi, zile zinazoingia na mizigo ya Ulaya, hupenda uchukue misimu yote ya The X-Files kwa mkupuo, ile tamthilia ya Marekani ya Mulder na Scully, wapelelezi wa FBI wanaochunguza visa visivyoelezeka. Usikubali, ndugu. Ni misimu 11, vipindi 218, na ubora wake hupanda na kushuka sana. Kasha moja zuri linakutosha mwezi mzima.

Nunua kwanza msimu wa 3 (1995–1996). Mashabiki wa hapa hubishana karibu juu ya kila msimu, toka Katuba hadi Bel-Air, ila huu wengi huuheshimu. Ndimo mwandishi Darin Morgan alimomleta Clyde Bruckman, muuza bima anayeona kila mtu atakavyokufa. Kipindi chake kilipata Emmy mbili, tuzo za televisheni za Marekani: moja ya uandishi, nyingine ya Peter Boyle aliyemwigiza Bruckman. Utacheka, halafu utanyamaza. Na njama ya serikali bado inafuatika: unajua nani anaficha nini, hata kama hujaona kitu cha nyuma.

Wa pili kwangu ni msimu wa 2, na najua wapo watakaonikasirikia. Gillian Anderson, anayemwigiza Scully, alikuwa mjamzito mwaka 1994, ikabidi waandishi wamtoe Scully kwa muda, wakaamua atekwe. Shida hiyo ya kazi ndiyo iliyowapa hadithi yenye uzito: sasa Mulder anamtafuta mwenzake, si visahani vya angani tu.

Msimu wa 4 unafuata kwa karibu. Scully anapata saratani, na Anderson alipewa Emmy mwaka 1997. Kipindi cha “Home” usikiweke watoto wakiwa sebuleni. Kilirushwa na onyo kwa watazamaji, na onyo lilistahili. Kisha msimu wa 5, mfupi kwa sababu ya filamu ya sinema iliyotoka 1998. Nunua na filamu hiyo, maana hadithi yake inakaa kati ya msimu wa 5 na wa 6. Msimu wa 1 ni nafasi ya 5: una Tooms, mtu anayepenya kwenye matundu na kula maini, lakini pia una vipindi dhaifu kama “Space”.

Baada ya hapo ndipo ubishi unapowaka. Kuanzia msimu wa 6 kazi ilihama Vancouver, Kanada, ikaenda Los Angeles. Misitu yenye mvua ikaisha, likaja jua. Wapo wanaosema tamthilia ilikufa siku hiyo. Mimi sikubali. Mnamo msimu huo kuna “Drive”, kilichoandikwa na Vince Gilligan na kuigizwa na Bryan Cranston, wawili waliokuja kukutana tena kwenye tamthilia ya Breaking Bad. Hata hivyo naupa nafasi ya 7, kwa kuwa ya 6 ni ya msimu wa 8, unaodharauliwa bila haki. David Duchovny, yaani Mulder, anaonekana kwenye nusu hivi ya vipindi, lakini Robert Patrick anamleta Doggett, mpelelezi anayetaka ushahidi kabla ya neno, na giza la zamani linarudi.

Msimu wa 7 umechoka. Misimu ya 10 na 11, ile ya 2016 na 2018, ichukue ikiwa bei ni ndogo; vipindi vya Darin Morgan vinaifaa fedha. Wa 9 uache: Mulder hayupo mpaka mwishoni, na njama imejifunga mafundo yasiyofunguka.

Kabla ya kulipa, hesabu diski zote, zigeuze uone mikwaruzo, na umwombe muuzaji acheze moja mbele yako, uhakikishe sauti ya Kifaransa ipo. Kipindi ni dakika 45 hivi. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima itakimaliza hata SNEL wakikata umeme katikati.