Riviu: kaunta buku kwaya tatu, nimeiandikia riwaya

Wadau mnaoandika riwaya halafu mnakwamia sura ya tatu, nimekuja na riviu ya kitu cha shilingi 5,500. Sio programu. Ni kaunta buku, ile ile ya jalada gumu mnayoijua, kwaya tatu (quire, ndo unene wa daftari unavyohesabiwa), kurasa 288, nilinunua Kariakoo mwezi wa pili na leo niko ukurasa wa 211.

Mimi ni wakala wa miamala, kibandani kaunta buku ipo siku zote wateja wanasaini humo, sikuwahi kuwaza kama ni kitu cha mwandishi. Nilikuwa naandikia kwenye simu. Simu bana, ukiandika "kama" inakuwekea "karma", unarudi kurekebisha inaingia meseji ya grupu la ukoo, mchango wa harusi, unajibu kidogo, ukishtuka mteja huyu hapa dirishani na sentensi hukumbuki ilikuwa inaenda wapi. Kuna Novemba nikajitosa kwenye NaNoWriMo, ile changamoto ya kuandika riwaya kwa mwezi mmoja iliyoanzia Marekani 1999, maneno 50,000 ndani ya siku 30, yani kama 1,667 kila siku. Nilidumu siku tisa. Nikajiona mvivu kweli, mpaka siku moja nikakaa nikawaza, "hawakunielewa" kwetu ni neno moja, Mwingereza hapo anatumia matano, sasa mimi na yeye tunashindanishwaje kwa kuhesabu maneno? Nikaachana nayo, nikahamia kurasa. Ukurasa mmoja na nusu kwa siku, basi.

Na hapo ndo kaunta buku ilipoonyesha utamu wake. Kurasa ulizokwisha kuandika zinavimba kidogo, ukingo wake unaingia weusi wa vidole, zilizobaki zinakuwa nyeupe pee, kwa hiyo ukiilaza mezani ukaitazama kwa ubavuni unaona kabisa umefika wapi. Siku ambayo sina hamu hata chembe nautazama ule mpaka wa weusi, roho inaniuma, naandika hata nusu ukurasa ili usogee.

Halafu imeshonwa. Ukichana karatasi moja, pacha yake kule mbele inaanza kuachia, kwa hiyo huchani. Kwenye simu nilikuwa nafuta aya ya kwanza wiki nzima, humu nikiona pabovu naandika "rudia" pembeni napita. Sura ya nne yote ni "rudia" tupu, ipo tu imekaa.

Mabaya yapo. Karatasi laini, peni ya wino wa maji inatokea upande wa pili, tumia bik ya kawaida. Uti umeanza kucheza kwenye ukurasa wa 150 hivi nikapaka gundi. Kuhamisha sura hamna, nimechora mishale mpaka mingine sijui inaelekea wapi. Ikilowa au ikiibiwa umekwisha, mimi kila Jumapili napiga picha kurasa za wiki. Na kuchapa, mmh, stesheneri ya jirani wanataka 1,000 kwa ukurasa, piga hesabu mwenyewe, nitachapa mwenyewe usiku usiku.

Kwaya nne usichukue, kurasa 384 zile nyeupe ukizifungua tu unataka kwenda kulala. Kwaya mbili ni 192, ningekuwa nimeshaimaliza katikati ya ugomvi wa mirathi.

Nyota 4 kati ya 5. Ila jamani nunua ya rangi tofauti na ya kazini. Kuna mama alikuja kutoa 40,000, foleni ndefu, nikamsogezea buku bila kuangalia, akajaza tarehe na kiasi na akasaini, katikati ya msiba wa babu, ukurasa wa 97. Sikufuta. Kwenye riwaya sasa kuna mama mmoja hakuna anayemjua, kaingia msibani, katoa rambirambi 40,000 akaondoka, na tangu hapo ndugu wanagombana alikuwa nani kwa marehemu.