MBA kwa Mwenye Kampuni ya Programu Kisumu: Tuma Maombi Wapi Kwanza

Mwaka nilioamua kusoma MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, nilituma maombi vyuo vitano kwa mpigo. Nililipa ada ya maombi kila mahali na kuwapelekea wote insha ileile, nikibadilisha jina la chuo tu. Mahali pamoja nilisahau kulibadilisha. Walinijibu kwa adabu.

Ninauza programu ya hesabu kwa wenye samaki na maduka ya jumla, na ofisi yangu iko Kondele, hapa Kisumu. Leo ningekuwa na hela za maombi tena, ningepanga vyuo kwa kipimo kimoja: siku ya mahafali, kampuni itakuwa bado hai?

Kwa kipimo hicho namba moja yangu ni Strathmore Business School, Nairobi, iliyoanzishwa 2005. Sisemi hivyo kwa ajili ya jina. Chuo Kikuu cha Strathmore kina iBizAfrica, kituo cha kulea kampuni changa, na darasani utakaa na mameneja wa benki na bima, watu ambao kwa kawaida ungewatumia baruapepe tatu bila kujibiwa. Wawekezaji nao wengi wako Nairobi. Shida ni barabara. Ni kama kilomita 350, na basi la usiku litakushusha asubuhi shingo imekakamaa, kisha uingie darasa la fedha. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, omba ratiba ya mwaka mzima kwa maandishi. Masomo yakikusanywa kwa siku chache mfululizo, yanabebeka. Yakiwa ya kila jioni, huo ni uhamisho, na ukubali tu kwamba unahama. Hesabu nauli na malazi kama sehemu ya karo, maana ndiyo karo ambayo hakuna atakayekuandikia kwenye barua.

Namba mbili iko mlangoni. Chuo Kikuu cha Maseno kiko kwenye ikweta yenyewe, mwendo mfupi kwa matatu za kwenda Busia, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi hapa mjini. JKUAT, yaani Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, kina shahada ya uzamili ya ujasiriamali; uliza kama mwaka huu inafundishwa Kisumu au utatakiwa kwenda Juja, karibu na Nairobi. Wenzako darasani wengi watakuwa walimu, wafanyakazi wa kaunti na watu wa sacco. Kuna wanaowadharau, na hapo ndipo wanapokosea: kama unauzia sacco, umelipa karo ukapata na soko. Utakachokosa ni mhadhiri aliyewahi kuuza programu. Pengo hilo lizibe kwa kukaa na vijana wa LakeHub, kituo cha teknolojia cha hapa Kisumu. Walio Nakuru, hesabu ni hiyohiyo kwa Kabarak na kwa kampasi ya mjini ya Egerton.

Tatu, Stanford Seed, ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Haitoi shahada. Ni mafunzo kwa wenye kampuni ambazo tayari zinauza, nao huendelea kuziongoza wakisoma. Kama bado unatafuta mteja wa kwanza, ruka.

Nne ni MBA fupi za ng'ambo. INSEAD ya Ufaransa ni miezi 10, na Oxford ni mwaka mmoja, tena ina ufadhili wa Skoll kwa wajasiriamali wa kijamii. Bila mshirika wa kubaki na funguo za ofisi, usijaribu.

Mwisho nimeweka vyuo vya Marekani, Stanford, Harvard na MIT, miaka miwili kila kimoja, na najua nitatukanwa. Miaka miwili mteja wa Kisumu atakuwa amehamia kwa mshindani. Lakini Stanford ina ufadhili maalum wa MBA kwa Waafrika wasio na uwezo, kwa sharti la kurudi kufanya kazi Afrika. Ukiupata, kichane kipande hiki cha orodha.

Na kama tatizo lako ni ufundi wala si biashara, Carnegie Mellon ina kampasi Kigali inayofundisha uzamili wa uhandisi na teknolojia ya habari.

Maombi matatu yanatosha: mawili ya nchini, moja la nje. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, ina mikopo ya uzamili, iulize mapema. Alama za GMAT, mtihani ambao vyuo vingi huutumia kuchuja waombaji wa MBA, hudumu miaka 5, na mtihani unaweza kuufanyia nyumbani kwa saa mbili na robo. Mimi ningetafuta ofisi yenye jenereta.

Barua za mapendekezo ndizo nilizozembea zaidi. Mwalimu wangu wa zamani aliandika kwamba nina nidhamu. Safari hii ningemwomba mteja wangu wa Dunga, mwenye friza tatu, ambaye programu ilimwonyesha kwamba mdaiwa wake mkubwa alikuwa shemeji yake.