ETRANSMIT: usitume mchoro bila ndugu zake

Nachora ramani za nyumba, ofisi yangu iko Sinza. Mhandisi wa miundo ninayeshirikiana naye yuko Mbezi Beach, saiti yetu iko Kigamboni. Kuonana ni nadra, kazi yote inapita kwenye mafaili.

Mwezi wa tatu nilimtumia ramani ya chini kwa WhatsApp, faili moja tu la DWG, yaani faili la mchoro la AutoCAD, programu ninayochorea. Kwake likafunguka bila gridi ya nguzo wala mpaka wa kiwanja. Mahali pake pamekaa maandishi madogo yenye D:\Kazi, yaani folda ya kompyuta yangu. Vyote viwili nilikuwa nimeviambatisha kama xref, yaani faili jingine linaloonekana ndani ya mchoro kwa kiungo tu, na AutoCAD haibebi xref ndani ya mchoro, inakumbuka tu lilipo. Yeye akadhani sijapanga nguzo, akazipanga upya. Siku mbili zake zilipotea, na iliniuma sana.

Tangu hapo sitoi mchoro bila amri ya ETRANSMIT. Imo humohumo ndani ya AutoCAD. Ukiiandika inakuletea kila kitu ambacho mchoro unakitegemea: xref, picha, hata faili la CTB linaloamua unene wa mistari wakati wa kuprinti. Kisichopatikana unakiona hapohapo, mapema. Ukikubali, inatoka zipu moja. Fonti hakikisha umeziwekea tiki kwenye mipangilio.

Lakini kilichonivutia zaidi ni toleo. Mwenzangu anatumia AutoCAD 2016, isiyofungua DWG ya 2018. Zamani nilikuwa nafungua faili mojamoja na kulihifadhi upya kwa toleo la 2013, na kila mara moja linasahaulika. ETRANSMIT ukiichagulia toleo la 2013 inashusha toleo la mchoro na la xref zake zote kwa mpigo.

Haiunganishi kazi ya watu wawili, hilo mlielewe. Zipu ni nakala ya saa ile ilipotoka. Sisi tumegawana: gridi anaishika yeye, kuta nazishika mimi, hakuna anayegusa la mwenzake. Na mpokeaji atoe mafaili yote kwenye zipu kwanza. Akibofya mchoro ukiwa bado mle ndani, xref hazionekani tena.

Jana nilimtumia zipu ya MB 14 kwa bando la simu. Saa nne usiku akajibu: "Nguzo zote 18 naziona, dada. Kesho naanza msingi."