Kadi ya ada au kadi ya keshibeki? Uzoefu wangu wa miaka miwili, Lamu

Nianze na daftari la mke wangu, maana ndilo lililoniamsha. Tuna nyumba ya wageni ya vyumba vinne huku Mkomani, na kila shilingi inayoingia au kutoka huandikwa humo: ya kuingia kwa buluu, ya kutoka kwa nyekundu. Mwaka wa kwanza wa kadi ulipokwisha alinisogezea daftari, kidole kikiwa juu ya mstari mmoja mwekundu: "Kadi, 16,800." Akauliza, "Hapa tulinunua nini?"

Hatukuwa tumenunua kitu. Ilikuwa ada ya mwaka, Sh 14,000, na ushuru juu yake.

Kadi yenyewe ni ile ambayo benki huiita chaji kadi. Haina deni la kubeba mwezi hadi mwezi. Unatumia, hesabu inafungwa, unalipa yote, basi. Kadi za mwanzo zilikuwa hivyo: Diners Club ya New York mwaka 1950, kisha American Express mwaka 1958. Kwa kuwa huachi deni la kuzaa riba, benki inataka chake mapema, nacho ndicho ada. Aliyenishawishi ni mpwa wangu wa Mombasa. "Mjomba, mtu wa biashara kama wewe hawezi kutembea na kadi ya watoto." Nikavimba kichwa, nikatia sahihi.

Nilichopata? Pointi za kununulia tiketi za ndege, bima ya safari, na ruhusa ya kukaa kwenye sebule za abiria katika viwanja vikubwa. Mwaka ule nilikwenda Nairobi mara tatu, na mara mbili tu ndiyo niliyoingia hizo sebule. Chai, sambusa za baridi, kiti laini. Kijitabu cha kadi kiliandika kwamba kila ukiingia umeokoa maelfu. Mimi nimeokoa nini? Bila kadi nisingeingia kamwe. Ningekunywa chai ya mia mbili nje, nikapanda ndege. Kitu hukipimi kwa bei aliyoandika muuzaji, unakipima kwa pesa ambazo ungezitoa mwenyewe mfukoni. Na hapa Manda, kwenye uwanja wetu wa ndege, sebule yetu ni kivuli na upepo wa bahari, bure kwa kila mtu.

Pointi za mwaka mzima, nilipozibadilisha, zilinipunguzia Sh 6,000 kwenye tiketi. Yaani nilitoa 16,800 nikarudishiwa 6,000 na chai.

Kosa kubwa lilikuwa kusahau ninakoishi. Pesa zangu nyingi haziwezi kupita kwenye kadi hata nikitaka. Samaki nanunua kwa mvuvi, tunalipana kwa M-Pesa au noti. Simiti ikiteremshwa gatini hubebwa na punda, na mwenye punda hana mashine ya kadi. Fundi wa chokaa, dobi, nahodha wa mashua ya kwenda Shela, wote hivyohivyo. Kinachobaki kwa kadi ni tiketi za ndege, mashuka na taulo kutoka Mombasa, betri za sola, na kamisheni ya mitandao inayotuletea wageni. Nilipojumlisha, nilikuta wastani wa Sh 70,000 kwa mwezi. Kwa matumizi hayo, ada ya 16,800 peke yake ni asilimia 2 ya kila kitu ninachonunua kwa kadi. Hakuna pointi za kuziba pengo hilo.

Mwaka wa pili nikachukua kadi ya mkopo ya keshibeki, haina ada. Inarudisha asilimia 1 ya manunuzi. Kutoa pesa taslimu hakuhesabiwi, kujaza M-Pesa hakuhesabiwi, na ukitoa taslimu kwenye ATM riba huanza siku hiyohiyo. Ukilipa kwa dola, benki yangu huongeza asilimia 3 kwenye kubadilisha, kwa hiyo ile 1 inakuwa kama kupewa peremende baada ya kukatwa nauli. Hayo nayajua sasa. Wakati wa kutia sahihi sikuyasoma.

Nikae kidogo hapa, kwa sababu mimi nipo pande zote mbili za mashine. Keshibeki haitoki mbinguni. Mgeni akilipa Sh 20,000 kwa kadi, mimi hupata 19,400. Zile 600 hugawanwa, na fungu moja humwendea benki iliyompa mgeni kadi, nayo humrudishia kipande na kumfanya ajione amebarikiwa. Ndiyo maana ukubwa wa keshibeki hufuata sheria za nchi. Umoja wa Ulaya ulibana fungu hilo tangu 2015, lisizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, na huko kadi hurudisha kiduchu. Marekani hakuna kizuizi kama hicho kwa kadi za mkopo, basi zawadi ni nono, na ada nazo ni za kutisha: Platinum ya American Express ilipandishwa mwaka 2021 kutoka dola 550 hadi 695. Mtu wa Lamu akisoma sifa za kadi za Marekani kisha akaenda kuomba kadi hapa, ajue anasoma hesabu za nyumba ya mwenziwe.

Kwa mwaka, keshibeki yangu ilifika Sh 8,400. Haikuwa pointi, ilikuwa pesa, iliyopunguzwa moja kwa moja kwenye deni. Nilifurahi mno, mpaka nikaiangalia hesabu ya Mei na Juni.

Biashara yetu huenda na pepo. Kaskazi likivuma nyumba hujaa, kuanzia Desemba mpaka Machi. Kusi likianza, na mvua za masika juu yake, vyumba vinne hulala vitupu wiki nzima. Aprili ile betri za sola zilikufa. Nikanunua mpya kwa kadi, Sh 120,000, nikijiambia wageni wa Mei watalipa. Wageni wa Mei walikuwa wawili, na mmoja ni binamu yangu.

Chaji kadi isingeniruhusu hilo; ningejua kwamba mwisho wa mwezi inadaiwa yote, ningezungumza na muuzaji nilipe kwa awamu. Kadi ya mkopo hainiulizi. Iliniandikia kwa upole kwamba naweza kulipa kima cha chini tu. Nikalipa kima cha chini. Riba yangu ni asilimia 3.5 kwa mwezi, na ukishaacha deni, zile siku za bure za kulipa hupotea, hata mashuka mapya ya juzi nayo huanza kuzaa. Julai nilipomaliza deni, riba ya miezi miwili pamoja na faini ya siku niliyochelewa ilikuwa Sh 8,350. Nimebakiwa na shilingi hamsini za mwaka mzima. Mke wangu aliziandika kwa buluu, kwa kejeli.

Kwa shilingi peke yake, keshibeki bado imeshinda: hata pamoja na uzembe wangu nilitoka sare, wakati kadi ya ada ilinila zaidi ya elfu kumi. Lakini huku kwetu hesabu haiishii hapo. "Elfu nane si nyingi," mke wangu alisema, "jina lake ndilo zito." Riba ni riba. Nikamfuata maalim baada ya Isha, nikamweleza kadi zote mbili. Hakunipa jibu la kurahisisha. Wanazuoni wa AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya sharia kwa mabenki, wamezungumzia kadi hizi katika kiwango chao cha namba 2: kadi ya mkopo yenye riba haifai, ya kulipa yote inafaa kwa masharti, na sharti mojawapo ni kutotozwa riba ukichelewa. Nilirudi nyumbani nikafungua mkataba wa chaji kadi yangu ya mwanzo. Ukurasa wa tisa: ukichelewa, asilimia kadhaa kwa mwezi. Kumbe hata ile niliyodhani safi ilikuwa na mlango wa nyuma.

Kwa anayesafiri kila mwezi kwa gharama za kampuni, analala hoteli, anapita Dubai na Nairobi, kadi ya ada inaweza kujilipa. Jirani yangu anayeuza samani za kuchonga nje ya nchi anayo na haisemi vibaya. Bima yake ilimfaa mzigo wake ulipopotea. Mimi si yeye.

Ya ada nimeirudisha. Ya keshibeki nimebaki nayo kwa sasa, kwa agizo kwamba benki ikate deni lote kwenye akaunti kila tarehe 5, si kima cha chini, huku naulizia benki za Kiislamu kama zina inayolingana na biashara ndogo. Na nimeomba kiwango changu cha juu cha kukopa kwa kadi kishushwe kutoka Sh 250,000 hadi 80,000, ili kusi jingine lisinikute na kamba ndefu. Kijana wa benki aliniuliza mara mbili kama sikumaanisha kipandishwe. Akaniletea fomu ya kuongeza. Ilibidi aende ofisi ya ndani kuitafuta ile ya kupunguza.