Opsheni za SPX: nzuri soko likitulia, nzito kwa mtaji mdogo

Opsheni za fahirisi ya S&P 500 (SPX), kipimo cha hisa za kampuni kubwa za Marekani, ni mikataba ya haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa. Zinauzwa kwenye soko la Cboe, Chicago, na zina sifa mbili zinazorahisisha kazi: hazitekelezwi kabla ya siku ya mwisho, na malipo yake ni fedha taslimu, hakuna kukabidhiana hisa. Kwa muuzaji wa opsheni, huo ni usingizi mzuri.

Zinang'aa soko linapozunguka palepale huku premiamu (bei za opsheni) zikiwa nono. Hapo ayoni kondo ndiyo mahali pake: unauza opsheni mbili, moja chini na moja juu ya bei ya sasa, na kununua mbili za mbali zaidi kama kinga. Tuseme fahirisi iko 5,000: uza puti (haki ya kuuza) ya 4,900, nunua ya 4,850, uza kol (haki ya kununua) ya 5,100, nunua ya 5,150. Ukikusanya pointi 12 umepokea dola 1,200, maana kila pointi ni dola 100. Hasara ya juu kabisa ni dola 3,800 (pengo la pointi 50 toa 12), bila kuhesabu ada. Utazame uwiano huo kabla ya kubonyeza! Fahirisi ikigusa 4,900, funga. Kusubiri irudi ndiko kunakomaliza akaunti.

Soko likipanda taratibu na premiamu zikiwa nafuu, nunua kol, uza nyingine ya juu yake. Kununua kol na puti pamoja usiku wa kuamkia tangazo kubwa hatupendekezi: bei zake zimekwisha kuvimba, na hunywea habari ikitoka, hata soko likisogea kidogo.

Kasoro kubwa: mikataba ya kawaida ya mwezi huacha kuuzwa Alhamisi, lakini hesabu hupigwa kwa bei za ufunguzi za Ijumaa. Pengo la bei la usiku ule huna pa kulikwepa. Toka Jumatano. Mwenye mtaji mdogo achukue XSP, opsheni za fahirisi hiyohiyo zenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi.